Mume Wangu na Rafiki Yake Huniita Banka

Nina umri wa miaka ishirini na saba, nimeolewa, naishi Rahaleo hapa Mtwara. Majina yetu naomba myafiche, maana mji wetu ni mdogo na gazeti likifika husomwa kwa sauti barazani, hata asiyejua kusoma atasikia. Sina mtoto. Mimba mbili zimeharibika, na tangu ile ya pili sijashika nyingine.

Mume wangu ni fundi seremala, mtu wa ng'ambo ya Ruvuma. Kabla vita havijapamba moto kwao alikuwa mhudumu katika hoteli ya Wareno, na huko alijifunza mchezo wa karata uitwao bakara. Hapa mjini anacheza na mtu mmoja tu, rafiki yake wa tangu kwao, nitamwita Fonsi. Huyu Fonsi ni utingo wa lori linaloleta mihogo kutoka Kilambo, kule karibu na mto. Jumapili huja kwetu, wanatandika mkeka uani, wanawekeana korosho badala ya fedha, nami nawapelekea chai. Maneno yao niliyazoea bila kujua maana yake: banka, ponto, naturali, bakara. Niliwahi kumwomba mume wangu anifundishe, akacheka akasema hayo ni mambo ya Wareno, yatanichosha bure.

Jumapili moja Fonsi alikuja akamkuta mume wangu anapiga randa mlango wa mteja. Karata zilikuwa ndani, nilizifungia mwenyewe kabatini. Mimi nilikuwa jikoni nachuja tui, na ukuta wa makuti hauzuii sauti.

"Banka vipi?" Fonsi akauliza taratibu.

"Bakara," mume wangu akajibu. "Na ponto?"

"Naturali. Tisa."

Randa ikanyamaza. Nikachungulia, nikamwona mume wangu ameketi juu ya magogo, anatabasamu peke yake. Tabasamu lile sikuwa nimeliona tangu siku ya harusi yetu. Chai nilipoileta, wakaanza kuzungumzia bei ya misumari.

Ndugu wasomaji, wanacheza nini hao bila karata?

Moyo ulikataa kutulia. Jirani yetu mmoja ni mama mtu mzima, naye kavuka Ruvuma kwa ajili ya vita. Aliwahi kufanya kazi ya ndani kwa Wareno. Nikaenda kumsaidia kupeta mchele, nikamuuliza kama mtu asiye na neno, "Mama, bakara ni nini?"

"Ni kutoka patupu, mwanangu. Unajumlisha karata zako, jawabu linakuwa sifuri."

"Na banka?"

"Ndiye mwenye meza. Ponto ndiye anayekaa upande wa pili kushindana naye."

"Na naturali ya tisa?"

"Hiyo ni bahati. Karata mbili za kwanza tu, umeshapata tisa. Huongezi nyingine, hakuna wa kukupita."

Nikauweka ungo chini. Mwenye meza ni mimi, na kwangu ni patupu. Kuna mwingine upande wa pili, huko anakotoka Fonsi na lori, naye kapata mtoto mara moja.

Nyumbani nilianza kumchunguza mume wangu. Nikagundua kila Fonsi anapoondoka hubeba furushi, na nikiuliza naambiwa ni vipande vya mbao vya kuni. Mbao gani hufungwa kwa kanga? Basi Jumapili iliyofuata, Fonsi alipoinuka kuaga, nikamwambia kwa upole, "Shemeji, huko uendako umsalimie ponto."

Kikombe cha mume wangu kiliishia njiani. Fonsi alimtazama mwenzake, akavaa viatu akaondoka. Na furushi akalisahau. Nikalifungua mbele ya mume wangu. Mlikuwa na nepi, sabuni, na kofia ndogo ya kufuma.

"Ni mke wa marehemu kaka yangu," akasema. "Kaka aliuawa vitani. Mjane akavuka mto na mimba, yuko Kilambo, amejifungua mtoto wa kiume."

"Kaka yako amekufa na sisi hatukuweka matanga?"

"Habari zilinifika wewe ukiwa umelala hospitali na mimba imetoka. Ningekwambiaje? Na mtoto ningekwambiaje? Ndiyo maana tukazungumza kwa maneno ya karata, usiumie."

"Na bakara?"

Akainamisha kichwa. "Fonsi huniuliza kama umeshika mimba. Nilikosa neno lingine."

Nikamrudia yule jirani. Yeye anasema wengi wa kwao wamezikwa porini bila matanga, huenda mume wangu anasema kweli. Mimi naona huenda. Lakini mtu aliyeweza kunificha msiba na uzazi kwa pamoja, atashindwa kunificha nini kingine? Naye Fonsi tangu siku ile hakanyagi kwetu.

Sasa mume wangu anataka mjane na mtoto waje tukae nao hapa. Anasema hiyo ndiyo njia ya kunitoa wasiwasi. Chumba cha uani ameshakipaka chokaa, na jana nimemkuta anatengeneza kitanda. Nilitaka kuuliza ni cha mtu mmoja au wawili, nikaishia kumshikia ubao.

Nikikataa, nitakuwa nimemfungia mlango mjane wa vita na yatima wake. Nikikubali, najijua, kila asubuhi nitamtazama yule mtoto usoni nikitafuta pua ya mume wangu. Na nikiiona haitanisaidia, maana yeye na kaka yake walikuwa ndugu wa tumbo moja, na watu wanasema walifanana.

Lori linawaleta Jumamosi ijayo. Wenzangu mliokwisha kuona mengi, niwapokee au nirudi kwa mama yangu? Nishaurini, nifanye nini?