Wilibrodi Alipomdai Kristo Jembe

Nimesikia watu wa mtaa wa Majengo wakisema kwamba ukoo wetu ulitaka kuliuzia Kanisa binti. Si kweli. Ni mtu mmoja tu aliyetuaibisha, shemeji yangu Wilibrodi, mdogo wake marehemu mume wangu. Na kwa kuwa watu wanaisimulia habari hii vibaya, afadhali waipate kwa mtu aliyekuwepo na anayejua kuandika.

Wilibrodi alikuwa karani wa duka la ushirika hadi duka lilipokufa. Serikali iliporuhusu kila mtu afanye biashara, akaingia kwenye mitumba, akapata kibanda Majengo, akajichagulia koti zito la marehemu fulani wa Ulaya, na tangu hapo akawa na maoni juu ya kila jambo. Jumapili alifundisha semina za ndoa parokiani. Alisema vizuri, sikatai. Ndoa ni alama, alisema: mume ni mfano wa Kristo, mke ni mfano wa Kanisa, na Kanisa humtii Kristo. Hapo alinyamaza na kujifuta jasho. Kwamba Kristo alijitoa afe kwa ajili ya Kanisa, sehemu hiyo kila mara ilikuta muda umekwisha.

Mwaka 1993 binti yake Scola, aliyekuwa utawani tangu usichana, alikuwa aweke nadhiri za daima mwezi wa nane. Siku hiyo wazazi humsindikiza binti hadi altareni, baba upande huu, mama upande ule, na bila wao anatembea peke yake kama yatima. Scola alitaka kutembea na wazazi wake. Hakutaka kingine.

Mwezi wa tatu alikuja nyumbani kwao pamoja na mkuu wa shirika, Sista Cornelia, kupanga sherehe. Niliitwa kama mkubwa wa nyumba. Hellena, mke wa Wilibrodi, alitengeneza chai.

"Sista," Wilibrodi alianza, "mwanangu anakuwa bibi arusi wa Kristo, sivyo?"

"Ndivyo, baba."

"Basi mimi nina mkwe."

Sista Cornelia alitabasamu, akidhani ni utani. Mimi nilimjua shemeji yangu, nikaweka kikombe chini.

"Na mkwe ana desturi zake," aliendelea. Kwetu Ufipa wazee walitaka kijana anayeoa aje na jembe lake, mvua zikielekea mwisho, amlimie baba mkwe ntumba, yale matuta ya duara tunamofukia majani. Hapo ndipo mikono yake ilipojulikana. "Shamba langu liko kando ya barabara. Bwana arusi akishindwa kufika mwenyewe, ana watumishi wengi: mapadre, mafrateri. Waje walime, watu waone. La sivyo, mimi simsindikizi mtu."

"Baba!" Scola alisema.

"Nyamaza wewe. Huu ni wakati wa soko huria. Hata Mungu asizoee vya bure."

"Shemeji," nilimwambia, "umelewa chai?"

"Shemeji, wewe umesoma, lakini mila hukuisoma."

Sista Cornelia hakukasirika. Alikuwa mtoto wa mkulima, na aliuliza kama mkulima. "Sawa, baba. Tutalima. Ila tupe kipimo. Wewe ulipomwoa Mama Scola, ulimlimia baba mkwe matuta mangapi?"

Wilibrodi akafungua mdomo. Jibu likatoka mlangoni, kwa Hellena aliyeshika birika.

"Hata moja, Sista. Alituma neno kwetu Kaengesa kwamba mguu unamuuma. Jumamosi ile ile akacheza mpira, akafunga goli."

Nakiri kwamba nililijua. Kwa miaka ishirini na minne niliwaambia watu kwamba shemeji yangu alilima kwa wakwe mpaka jembe likavunjika mpini, kwa sababu jina la nyumba ni langu pia. Siku ile sikumsaidia.

"Kwa hiyo baba," Sista Cornelia aliuliza taratibu, "wewe ni mfano wa Kristo yupi?"

Wilibrodi akatazama koti lake.

Hellena aliweka birika mezani. "Mwanangu atasindikizwa na wazazi wawili," alisema, "au na mmoja ambaye ni mimi. Mwanamume ambaye hajamlimia baba yangu sitembei naye altareni nikimfundisha mtoto wangu maana ya ndoa. Mvua bado zipo. Kaengesa si mbali."

"Hellena, watu watanionaje?"

"Si ulitaka waone?"

Wilibrodi alinuna siku tisa. Siku ya kumi Scola alimwandikia barua ya mstari mmoja, kwamba atamwombea hata akitembea peke yake. Kesho yake asubuhi nilimpelekea jembe la marehemu kaka yake, nikapanda gari pamoja naye na Hellena hadi Kaengesa, nisije nikasikia tena habari za mguu.

Baba yake Hellena, Mzee Clemens, alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya shamba.

"Shikamoo, baba," Wilibrodi alisema.

"Marahaba. Mguu umepona?"

Kaka zake Hellena waliangua kicheko. "Karibu, Masiha wa Majengo!" mmoja alipiga kelele. "Vua koti, huku hatuna mteja!"

Alilima siku tatu. Siku ya kwanza viganja vilipasuka. Siku ya pili hakuwa na maneno, jambo ambalo parokia nzima ililiombea kwa miaka. Siku ya tatu jioni Mzee Clemens alipita akichoma kila tuta kwa fimbo, akamrudisha kwenye manne ambayo majani yake yalichungulia nje. Yalipofukiwa, mzee alimgeukia Hellena.

"Haya, mwanangu. Sasa umeolewa."

Hellena alimtazama mumewe, tope mpaka magotini, akipuliza mikono yake.

"Ngoja kwanza, baba," alisema. "Nifikirie."

Mwezi wa nane walimsindikiza Scola hadi altareni, baba upande huu, mama upande ule, na Scola akitabasamu katikati. Hellena alikuwa bado anafikiria.