Salamu Zilizokula Karatasi

Miaka ya tisini, nikiishi mtaa wa Amalemba, kila Jumatatu nilibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo kibarazani pa duka la mtaa. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu katika ofisi moja mjini, na jioni nilibaki nikiandika mambo ya mtaa wetu: nani kafiwa, mvua imebomoa nini, vijana wamegombania nini uwanjani. Hakuna aliyenituma. Niliipenda kazi hiyo kuliko ile ya mshahara, na nilijiona mwandishi hasa.

Kwetu mtu hasimami mbele ya watu akaanza na habari tu. Huanza na liguru, yaani mzee wa mtaa, akaja kwa wachungaji, wakwe waliopo, akina mama, vijana, na wageni waliotoka mbali. Ukimruka mmoja utasikia. Nami niliandika vivyo hivyo. Salamu zilishuka hadi katikati ya karatasi kabla sijaligusa jambo lenyewe, na hata hapo nilipitia kwanza kwa Mungu na hali ya hewa.

Kisha kitinda mimba wangu akashikwa na tumbo la kuendesha. Maji tuliyachota kwenye chemchemi ya bondeni, na ng'ombe walikuwa wakiingia humo na kuyavuruga. Niliandika karatasi ndefu kuliko zote, kwa uchungu, na mwishoni kabisa nikawaomba watu waje Jumamosi na majembe na nguzo tujenge ua. Jumamosi ikafika, nikasimama pale na jembe langu. Alikuja rafiki yangu peke yake, fundi wa cherehani aliyeshonea nguo kando ya ule ubao. Nililia, sitaficha, na nikautukana mtaa mzima.

Aliniacha nimalize. "Dada, hawajakataa. Hawajui," akasema. "Mimi nawaonanga. Mtu anasomanga amesimama, mzigo uko kichwani. Anatafuta mahali amesalimiwa. Akipaona, anaenda zake ameridhika."

"Kwa hivyo hata wewe hukufika mwisho?"

"Mimi nilijua kwa sababu uliniambia. Andika fupi, dada."

Nilimnunia. Lakini mtoto alikuwa bado analia tumbo, na kununa hakusafishi maji. Nikarudi kwenye taipu. Nikaondoa Mungu na hali ya hewa, nikijua Mungu ataelewa. Wachungaji wakafuata, na wakwe, na wageni. Liguru ndiye aliyenishinda, maana aliwahi kuondoka harusini kwa kusalimiwa wa pili. Nikaenda kwa rafiki yangu.

"Mtoe na yeye," akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Akikasirika, mlete kwangu."

Ikabaki hivi: watoto wanaugua kwa maji ya chemchemi, Jumamosi asubuhi njoo na jembe au nguzo, tujenge ua. Niliibandika nikaona aibu, kama niliyetoka nje bila leso kiunoni.

Jumamosi hiyo walikuja. Walikuja akina mama na watoto mgongoni, wakaja vijana wa uwanjani, na hata mwenye ng'ombe wale alikuja, akijifanya hajui ni wa nani. Tulikuwa tumeanza kuchimba mashimo liguru alipotokea, jembe begani, uso umekunjamana. Rafiki yangu akajishughulisha sana na nguzo moja.

"Mama, kwa karatasi hukunisalimia."

"Ni kweli, mzee."

"Nimesoma mpaka chini natafuta salamu yangu." Akateremsha jembe. "Sikuiona. Nikaona hii ya watoto."

Akanipa mkono. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikamuuliza ya nyumbani, ya mifugo, ya wajukuu mmoja mmoja, wala sikufupisha. Alijibu yote. Kisha akauliza shimo lake ni lipi.