Mashua ya Watu Wawili

Ile siku naikumbuka, mwanangu, hata nikitaka kuisahau. Umenionyesha kwenye simu picha ya mashua ya tanga mnayotaka kununua, wewe na mchumba wako, mlizunguke Ziwa Babati na kulala humo humo. Unauliza kama ni nzuri. Nzuri. Hata yangu ilikuwa nzuri.

Mimi na mke wangu, Mama Paulo, tulikuwa vijana wakulima wa hapa Singe; ziwa tulilijua kwa macho tu. Baada ya mavuno tukaenda kwa Mzee Hamisi, fundi mashua. Alikuwa nazo mbili. Moja fupi, tanga lake dogo; Mama Paulo akaipenda palepale, akawa anaipapasa ubavuni. Nyingine ndefu, ina kijumba cha kulala na mlingoti mrefu. Mimi nikaitaka hiyo, maana ilionekana toka barabarani, na kijana akishapenda sifa haambiliki.

Mzee Hamisi akaniambia, "Baba Paulo, wewe kaa chini. Mwache mkeo apandishe tanga, alishushe, aigeuze mashua peke yake. Ikimshinda yeye, imewashinda wote wawili."

Nikacheka. "Mzee, kamba ni zangu. Yeye kazi yake sufuria."

Mama Paulo akaondoa mkono kwenye ile fupi, nami nikalipia ile ndefu. Lo, ujinga niliokuwa nao! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo. Heri ningevunjika guu.

Mara ya tatu kutoka, mtoto tukiwa tumemwacha kwa bibi yake, upepo ulishuka ghafla toka Mlima Kwaraa. Boriti ya tanga ikanipiga, nikaangukia majini, mashua ikaenda naye. Nilimwona amesimama, anashika kamba hii, anaiacha, anashika ile. Akapiga kelele, "Baba Paulo, kamba ipi? Kamba ipi?" Nilimjibu, lakini upepo ulikuwa mkali, hakusikia. Mashua ikapinduka. Mimi nilifika kwenye matete nikiwa hai. Yeye walimtoa kesho yake.

Mjini wakasema ni viboko walioipindua mashua. Nikawaacha waseme. Paulo amekua, ana watoto wake, na mpaka leo anawachukia viboko. Nimezeeka na uongo huo, mwanangu, na sioni pa kuutua.

Sasa nisikilize. Usichague peke yako. Nenda na huyo binti, ukae, ufunge mdomo, yeye apandishe tanga, alishushe, kisha ujitupe majini, arudi akuokote. Akishindwa, tafuteni ndogo zaidi. Kila kamba aijue kwa mkono, hata akifumba macho. Na kama utaona aibu watu wakimwona ameshika usukani, basi bakini nchi kavu mlime mahindi.

Nendeni, Mungu awarudishe wawili kama mlivyotoka. Mimi jibu bado ninalo mdomoni kila nikiamka: ile ya kushoto, Mama Paulo. Iachie tu.