Ukipotea, Nenda Msalabani

Harufu ya omena wakavu, dagaa wa Ziwa Victoria, huwakumbusha wengine jiko. Mimi hunirudisha kwenye msalaba wa mawe uliosimama katikati ya soko letu, si mbali na Pap Onditi. Wamishonari wa zamani ndio waliousimamisha, na mbuzi walikuwa wamezoea kujikuna kwenye kitako chake bila heshima yoyote.

Miaka hiyo ya themanini, kila mtoto wa kwetu alifundishwa hivi kabla hata ya kujua kuhesabu: ukipotea sokoni, nenda msalabani, shika jiwe, usibanduke mpaka mama yako aje. Akina mama walikutuliza kwa kipande cha muwa. Wapo waliojipoteza makusudi kwa sababu ya muwa huo, na sitawataja.

Bibi yangu, Dani kama tunavyoita kwetu, aliuza omena chini ya msalaba. Banda la mabati lilipojengwa, wauza samaki wote walihamia kivulini. Dani alibaki juani, wateja wakapungua, naye hakujali. Mama Otieno, muuza miwa, alimtania kila siku ya soko.

"Mama, kwani umeolewa na hii mawe? Kuja huku kwa kivuli!"

"Omena haiogopi jua," Dani alijibu. "Na mimi pia siogopi."

Nililichukia jua lile na ukaidi wake. Mama yangu alikuwa ameniacha kwa Dani nikiwa mchanga, baada ya wao wawili kukosana vibaya, akaenda Kisumu. Mmoja alisema yuko mtaa wa Manyatta, mwingine akasema hayupo. Nyumbani jina lake halikutajwa. Nilimtamani mama huyo nisiyemjua, na niliumia nikidhani Dani amekwisha kumsahau.

Alasiri moja, mvua ikinyemelea kutoka ziwani, alikuja mwanamke mwembamba mwenye viatu vya mjini. Hakutazama omena. Aliweka kiganja juu ya jiwe, akasimama pale akilia kimyakimya, mtu mzima na akili zake. Nilikimbia kwa Mama Otieno kumwombea muwa, maana ndiyo ilikuwa desturi.

Niliporudi, Dani alikuwa amesimama, amemshika mkono.

"Umechelewa, nyathina," alimwambia. Mwanangu. "Jua imenimaliza. Shika kapu, twende nyumbani."

Nilimpa yule mwanamke muwa. Aliupokea, akanitazama usoni, akashindwa kuula.

Soko lililofuata Dani alihamia bandani bila kubembelezwa na mtu. Nilidhani amechoka kubishana na Mama Otieno. Ilibidi nizae wangu ndipo nielewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ni Dani aliyemfundisha mama yangu, akiwa mdogo, kwamba ukipotea nenda msalabani. Jua hakuliogopa kweli. Aliogopa kwamba siku moja mwanawe angefika pale, ashike jiwe, asikute mtu.