Kilio cha Kujitoa

Juzi, kwenye ukumbi wa parokia, mjukuu wangu alikuwa akijifunza judo. Mwenzake alimkamata mkono, naye akalia, "Mamu wanyi!" kama tunavyomwita mama kwetu Kasai. Niligeuka haraka kutazama mlango.

Katanga ilipojitenga na Kongo, nasi tukiishi huko, baba mdogo alinifunza mimi, msichana mdogo, kujitoa mikononi mwa mtu. Alasiri moja, ndani ya nyumba iliyonuka samaki wakavu, madirisha yakiwa yamefungwa, alinisokota mkono.

"Mamu wanyi!" nililia, nikapinda kiwiko, nikachomoka.

Hakufurahi. "Mukono iko muzuri. Kinywa bado. Tena!"

Nilimshuku. Nilidhani anapenda kuniumiza tu, au wenye bunduki wa kizuizi cha barabarani wamemnunua. Mkono ukavimba. Mwishowe nililia, "Mama wee!" kwa Kiswahili, kama watoto wote wa mtaa.

Aliniachilia, akajifuta machozi. "Sasa utaweza kupita, mama."

Leo najua kwamba pale kwenye kizuizi walitutafuta sisi wa Kasai kwa kusikiliza lugha yetu, na uchungu humrudisha mtu kwenye lugha ya mama yake.

Ukumbini, mjukuu wangu alilia tena, "Mamu wanyi!" Hakuna aliyegeuka. Nikamshukuru Mungu.