Bafu la Kushea

Kitenge kilikuwa juu ya mlango wa bafu tangu asubuhi, na mpaka mchana hakuna aliyeuliza ni cha nani.

Nyie, hii si stori ya majini. Ningefurahi kama ingekuwa ya majini.

Skolastika ni shangazi yangu, tumbo moja na baba. Amenipa ruhusa niyaandike haya, ila jina la chuo naliacha.

Basi ilikuwa hivi.

Leonia, binti yake wa pekee, alipata nafasi chuo cha ualimu Kigoma mjini. Mama mtu akashuka naye kutoka Kalinzi, godoro juu ya paa la Noah, wakawahi vyumba vya hosteli kabla havijaisha.

Vyumba vilikuwa vya aina mbili.

Jengo jipya lilikuwa na self. Unalala peke yako, choo na bafu humohumo, vigae vinang'aa, mlango una komeo la maana. Jengo la zamani mnalala wanne kwenye vitanda vya deka, na mabafu yako mwisho wa korido, yamepangana, milango mifupi.

Hela haikuwa shida. Mwaka ule kahawa ilikubali.

"Mama, nataka self," Leonia akasema.

"Hapana."

"Kule hakuna atakayeniona."

"Ndiyo maana sitaki."

Walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini. Leonia alikuwa na kifafa, na kwa watu wa mjini hilo lilikuwa siri.

Wewe unayesoma unaweza kusema ni ugonjwa tu kama mwingine. Sawa. Leonia aliwahi kuanguka mstarini akiwa darasa la nne kule Kalinzi. Wenzake wakatimua mbio, na mwalimu naye akasimama mbali, maana watu wanaamini ukimgusa mwenye kifafa akiwa ameanguka, lile povu la mdomoni linakuambukiza. Mtoto akahangaika pale chini peke yake mpaka hali ikatulia. Tangu siku ile hakuna aliyekaa naye dawati moja. Kikombe alichonywea kwa jirani kilitupwa jalalani, na yeye anaona.

Shangazi akamhamishia kwa ndugu zetu Ujiji akaanze upya, mahali ambapo hakuna anayemjua. Vidonge vikamsaidia, akawa anaanguka kwa nadra sana, akamaliza shule huko na kurudi Kalinzi.

Kwa hiyo siku ile ya hosteli shangazi alikuwa na hoja yake. Kwenye self, mtoto akianguka amefunga komeo, atafia humo. Kwenye bafu la kushea kuna watu.

Mimi mwenyewe ningechagua hivyohivyo.

Matroni, mama mmoja mpole anaitwa Diana, akawauliza, "Binti ana tatizo lolote la kiafya tulijue?"

"Hana. Mzima kabisa," shangazi akajibu, na Leonia akaangalia chini.

Kabla hawajaagana akamvuta pembeni.

"Wakikuuliza vidonge, sema vidonda vya tumbo."

"Na nikianguka?"

"Watu watakuwepo."

"Mama, si ndio hao hao watakaonikimbia?"

"Hutaanguka, mwana wanje," akamwambia, yaani mwanangu kwa Kiha. "Wewe meza dawa."

Chumbani Leonia alipangwa deka moja na Inamahoro, msichana wa Kasulu, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi miaka ya vurugu. Wakapatana haraka. Haukupita muda mrefu Leonia akapiga simu nyumbani.

"Mama, huyu mwenzangu naona naweza kumwambia."

"Yule Mrundi? Thubutu. Atakutangaza chuo kizima."

Leonia hakubisha. Alikuwa mtoto msikivu, na mimi hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Inamahoro akaamini habari ya vidonda vya tumbo. Akawa anamwekea mwenzake uji usio na ndimu, anamnyang'anya pilipili mezani, anamgombeza akichelewa kula. Leonia akawa anakula uji wa ugonjwa asioumwa na kushukuru.

Ikafika Jumamosi moja, hakuna vipindi, maji ya bomba yamekatika. Leonia akachota ndoo yake kwenye tangi, akaenda kuoga.

Sasa yale mabafu, makomeo yake yalishakufa kitambo. Ukiingia unatupia kitenge chako juu ya mlango, na anayekuja anajua kuna mtu. Habishi hodi wala hasemi kitu. Kwetu huku kumsemesha mtu anayeoga ni kukosa adabu.

Wasichana wakaja mmoja mmoja, wakaona kitenge, wakaenda bafu lingine. Inamahoro naye akaoga bafu la jirani, wametenganishwa na ukuta tu. Akamaliza, akavaa, akaenda soko la Mwanga kununua migebuka, samaki wa mchana.

Aliporudi kitenge kilikuwa palepale.

Akaita. Akabisha. Akasukuma mlango, ukafunguka bila shida yoyote.

Leonia alikuwa ameangukia ndoo, uso ndani ya maji. Alikuwa ameshapoa.

Mnanielewa lakini? Mlango haukuwa na komeo, na watu walikuwepo asubuhi nzima. Kila alichokitaka shangazi kilikuwepo. Waliheshimu kitenge tu.

Tukamzika Kalinzi. Watu wa kijijini walishaamini alipona kule Ujiji, kwa hiyo pale msibani wengine walisema presha, wengine wakasema amelogwa na wenye wivu, na shangazi akawaacha waseme.

Wanachuo walikuja na basi la Coaster. Baada ya mazishi, Inamahoro akaingia ndani alikokaa shangazi, akapiga magoti, akamshika mkono.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye nilikuwa nalala naye deka moja."

"Marahaba."

"Nisamehe. Nilijua anaumwa tumbo. Sikujua kama tumbo linaweza kumfanya mtu aanguke."

Hapo shangazi akashindwa. Akasema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu wa nje.

"Hakuwa na vidonda vya tumbo. Alikuwa na kifafa."

Akasubiri yule binti autoe mkono. Watu wote aliowahi kuwajua wangeutoa.

Inamahoro hakuutoa. Machozi yakaanza kumtoka.

"Intandara," akasema. Ndivyo wanavyokiita kifafa kwao. "Mdogo wangu Bonfils anayo, mama. Tangu utotoni. Mimi ndiye ninayemshika akianguka."

Shangazi akamwangalia.

"Nyumbani hatumwachi aoge kimya. Mmoja anakaa mlangoni anapiga naye stori mpaka amalize. Akinyamaza tu, tunaingia." Akajifuta uso na mtandio. "Ningejua, mama, ningekaa pale mlangoni kila siku. Nilikuwa pale pale ukutani."

Shangazi Skolastika ndiye aliyeutoa mkono wake.

Hakuweza kumwambia kwamba Leonia aliomba ruhusa amwambie, na aliyemkatalia ni nani, na alimwita Inamahoro kwa jina gani kwenye simu. Alijifunika kitenge usoni akalia, na binti wa watu akaendelea kumbembeleza.

Mzazi unayempeleka mtoto chuo mwaka huu, mtabishana sana kuhusu self au kushea, bafu la ndani au la korido. Bishaneni, hakuna ubaya. Ila kama mwanao ana ugonjwa mnaouficha, chumba hakitamsaidia na wingi wa watu hautamsaidia. Atasaidiwa na mtu mmoja anayejua anaumwa nini, na wewe huwezi kumchagua mtu huyo kwa kabila lake ukiwa umekaa nyumbani.

Mwache mtoto aseme.