Vizege Vinne Nilivyoving'oa Pasiansi

Jamani, mimi nimewahi kuiba uwanja wa mtaa mzima, mchana kweupe, watu wakinipigia makofi.

Msicheke.

Huku kwetu Pasiansi tulikuwa na uwanja mmoja tu wa wazi. Ulikuwa jalala: pampasi, chupa, mbuzi wa watu. Mwaka jana akina mama tukasema imetosha. Kila Jumamosi tukawa tunafyeka, tunazoa, tunapanda miti. Watoto wakapata pa kuchezea. Mwanangu Queen alijifunzia baiskeli pale.

Aliyetuongoza ni Paskazia, nyumba yake imepakana na uwanja. Nilimwita dada. Nilipojifungua kwa upasuaji, ndiye aliyenifulia nepi mwezi mzima. Akisema kitu, mimi sihoji.

Siku moja akanionyesha kizege kimezama kwenye nyasi, nondo imechomoza katikati.

"Mama Queen, mtoto akiangukia hapa si tunazika? King'oe, mdogo wangu."

Nikashika sururu. Kumbe viko vinne! Nilihenya mpaka viganja vikachubuka, wenzangu wananishangilia, "Jembe hilo!" Paskazia anapiga picha, anarusha kwenye grupu.

Tukavipanga kwenye bustani yetu, tukavipaka chokaa, tukavizungushia maua. Vikapendeza balaa.

Miezi miwili baadaye tukakuta mafundi wanachimba msingi katikati ya uwanja. Miche yetu imetupwa pembeni, mizizi juu.

"Kazi ya nani hii?"

"Ya mama wa nyumba ile," fundi akajibu.

Mzee Mhoja, mjumbe wetu, akaitisha kikao palepale. Paskazia akaja na kanga yake begani, katulia tuli.

"Shikamoo, mzee. Kiwanja changu kinaishia kule barabarani. Anayebisha anionyeshe bikoni."

Mzee akazunguka uwanja mzima, akarudi ameduwaa.

"Mawe ya mpaka yalikuwa manne. Nani kayatoa?"

Nikageuka kuvitazama vile vizege vyetu vya chokaa. Hapo ndipo nilipojua nilichong'oa.

Paskazia akatoa simu. "Mimi sijagusa jiwe. Muulizeni Mama Queen, picha zake hizi hapa."

"Dada! Si wewe uliyeniambia?"

"Mimi? Mdogo wangu, usiniingize kwenye mambo yako."

Aisee, nililia mbele za watu, na hakuna aliyenishika bega. Mama Noela, tuliyekuwa tunachimba naye kila wiki, akaniuliza, "Mlipanga lini?"

Suala liko kwa wapimaji, tunasubiri. Ukuta nao unapanda.

Na mnajua kinachoniua zaidi ni nini? Paskazia hajaninunia. Kila asubuhi ananiita kwa sauti, "Mdogo wangu, umeamkaje?" Mtaa mzima unasikia, na ndivyo wanavyozidi kuamini tulikuwa kitu kimoja.

Ndugu yangu, ukiambiwa ng'oa, hata na mtu unayempenda, uliza kwanza kiliwekwa na nani. Mimi sikuuliza.